Hofu ya Mtunzi na Hukumu ya Wasomaji

Shairi lililofungiwa sandukuni halina adui, lakini halina rafiki pia. Watunzi wengi huliweka huko kwa kuchelea kuambiwa kwamba hawajui kutunga. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana walaumu wapo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kanuni za vina na mizani zilikuwa zimekwisha andikwa na Amri Abedi katika kitabu cha mwaka 1954, na wengi walizishika kama sheria. Kichomi kilizivunja. Wahafidhina walisema kwamba hayo si mashairi, wengine wakayatetea, mabishano yakaendelea miaka mingi.

Je, alikosea kuyatoa? Naona sivyo. Kwanza, hakuyapeleka barazani bila ya wakili: katika utangulizi alieleza nia yake ya kutumia lugha ya kawaida. Aijuaye sababu ya kazi yake hatetemeshwi na kila lawama. Pili, lawama zenyewe ziliulazimisha kila upande kueleza ushairi ni kitu gani. Swali hilo lisingaliulizwa kwa ukali ule kama mashairi yangalibaki sandukuni. Mwenyewe hakunyamaza: Karibu Ndani ilitoka mwaka 1988, na Dhifa mwaka 2008.

Basi ushujaa wa mtunzi si kukosa hofu. Ni kuipima kazi yake kwa haki mpaka aweze kuieleza, kisha kuiacha ipimwe na wengine. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na mchelea lawama huzika diwani yake kwa mkono wake.