Themostati Haikuwa na Kosa

Video ile mmeiona. Peugeot 504 nyeupe iliyolala uani kwa mzee mmoja wa Temeke tangu miaka ya tisini inatoka gereji kule Tandika, watoto wanaikimbilia, kijana mwenye gari anacheka hadi machozi. Kisha fundi anainua mkono, anaonyesha kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, na kukitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Watu wakapiga makofi. Kwa kitendo hicho kimoja kazi nzuri ya miezi mingi iliwekwa rehani, na hapo ndipo nitakapokaa leo.

Kidude chenyewe ni themostati. Nimeipigia kelele safu baada ya safu na sitanyamaza, kwa kuwa hakuna kifaa kinachoonewa kwenye gereji za mji huu kama hicho. Gari likichemsha, linachotolewa kwanza ni themostati. Likichemsha tena, rejeta inapelekwa kuzibuliwa. Likichemsha mara ya tatu, hedi inafunguliwa, na mwenye gari anaambiwa injini imechoka. Kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna aliyeuliza swali la awali kabisa: linachemsha wakati gani?

Kwenye gari hili swali hilo lilikuwa limeshajibiwa, na aliyelijibu ni kijana mwenyewe. Rudini kwenye kipande cha safari ya kwanza. Gari linaingia Barabara ya Kilwa mchana, linakwama kwenye foleni Mtoni kwa Azizi Ally, sindano ya joto inaanza kupanda. Foleni inafunguka, gari linakimbia kuelekea Mbagala, sindano inashuka yenyewe. Linafika Rangi Tatu, foleni tena, sindano inapanda tena. Kijana anasema kwa sauti, mbele ya kamera: "Likitembea linapoa." Ni mwanafunzi, hajawahi kushika spana kabla ya gari hili, lakini sentensi hiyo ingemtosha fundi yeyote makini.

Injini inayochemsha ikiwa imesimama na kupoa ikitembea inalilia hewa. Gari likitembea, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta bila msaada wa feni. Likisimama, hakuna upepo ila wa feni. Kwa hiyo macho yanakwenda kwenye feni kabla ya kitu kingine chochote. Mambo yangekuwa kinyume, yaani gari lipoe kwenye foleni na kuchemsha kwenye mwendo mkali wa barabara kuu, tungeshuku maji: rejeta imeziba, pampu imelika, au mpira wa chini unanyonywa na kujibana. Na themostati iliyokwama ikiwa imefunga haichagui. Inapandisha joto gari likisimama na likitembea, tena mapema, wakati rejeta bado ya baridi ukiishika kwa mkono. Dalili za 504 hii hazikufanana na hizo hata kidogo.

Kingine ambacho kila aliyewahi kuishi na Peugeot za zama hizo anakijua ni kwamba 504 nyingi hazina feni ya kawaida. Feni yake imekaa kwenye puli ya pampu ya maji, lakini haizunguki na puli muda wote. Ndani yake kuna koili ya sumaku ya umeme, na kipande cha kaboni kinaigusa ili kuipelekea umeme. Maji yakifikia joto lililopangwa, swichi inaruhusu umeme, sumaku inanasa, feni inaanza kuzunguka na puli. Maji yakipoa, sumaku inaachia, feni inaelea. Kwa namna hiyo injini haipotezi nguvu wala petroli kusukuma feni wakati upepo wa barabara unatosha. 404 ilikuwa nayo kabla ya 504.

Sasa chukueni gari lenye mfumo huo, liwekeni uani Temeke kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye unyevu na hewa ya chumvi ya pwani. Kaboni inaganda kwenye nyumba yake. Ncha za waya zinaota ukungu wa kijani. Swichi inakufa. Kuipima feni hiyo ni kazi ya dakika chache. Ukiwa umezima injini, vuta waya kutoka kwenye chanya ya betri, gusa mahali umeme unapoingilia kwenye kaboni, usikilize mlio wa sumaku kunasa. Ikinasa, feni ni nzima na tatizo ni swichi au waya. Isiponasa, toa kaboni uitazame. Kwenye video nzima hakuna aliyeisogelea feni hiyo, ingawa kwenye picha za foleni inaonekana dhahiri imesimama huku puli inazunguka. Nimekirudia kipande hicho, na kila nikikitazama nakasirika upya.

Badala yake tukasikia ule wimbo wa zamani. "Dogo, nchi hii ya joto. Hiki kidude ni cha Ulaya, huku hakina kazi." Na kijana akajibu, "Sawa, fundi." Simlaumu sana kwa jibu lake. Umri wa kumkatalia fundi mwenye mvi gerejini kwake bado hajaufikia. Lakini fundi alikuwa na wajibu wa kusikiliza alichoambiwa na mteja, na hakusikiliza.

Themostati haijali hewa ya nje iko nyuzi 5 au 33. Inachopima ni maji yaliyo ndani ya injini. Nta iliyomo inavimba maji yanapofika nyuzi 80 na kitu, mlango unaanza kufunguka, na joto likizidi kidogo unakuwa wazi kabisa. Injini ya Mbagala inahitaji joto hilo sawa na injini ya Paris. Ikikosa, petroli haigeuki mvuke vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinasaga chuma kikavu. Maji yanayozaliwa na mwako hayakaushwi, yanateremka kwenye sampu na kuigeuza oili tope. Gari linakula mafuta. Juu ya hayo, kwenye injini nyingi themostati inapofunguka huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Iking'olewa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Kwa hiyo kwenye injini za namna hiyo kuing'oa kunaweza kulifanya gari lichemshe zaidi.

Mtasema sindano ilishuka, video imeonyesha. Ilishuka kwa sababu jaribio la pili lilifanyika usiku, barabara nyeupe, gari halikusimama hata kwenye taa. Hata kabla ya kung'oa kitu, gari hilo lilikuwa linapoa likitembea. Jaribio hilo halikuthibitisha lolote.

Halafu rejeta ikajazwa maji ya kisima. Hili nalo nimelisema hadi koo limekauka. Visima vingi vya Temeke vina maji ya chumvi, kila aliyeyafulia nguo anajua. Silinda hedi ya 504 ni ya alumini, na silinda zake ni slivu zinazokaa ndani ya maji, zimezibwa kwa sili kwenye kitako. Chumvi inaila alumini taratibu, na inakula pale pale kwenye vitako vya slivu ambako sili zimekauka kwa miaka ya kulala. Siku utakayochomoa kijiti cha oili na kukuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye sampu. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri haiwezi kumshinda mtu aliyeweza kununua matairi manne mapya.

Kazi nyingine ilikuwa safi: petroli iliyooza ilimwagwa na tenki likaoshwa, oili ilitiwa kwenye silinda na injini ikazungushwa kwa mkono kabla ya kugusa stata, mipira yote ya breki ilibadilishwa, pointi zikapisha ignisheni ya elektroniki, taa zikawekewa rilei.

Kijana alishauriwa pia aitupe injini na kupachika ya Toyota, akakataa. Ushauri huo unaniudhi kuliko wa themostati, maana unatolewa na watu wanaojiita wapenzi wa magari ya zamani. 504 ilizinduliwa mwaka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, na mwaka 1975 Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally. Kabla yake 404 ilikuwa imeshamaliza ubishi. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari saba tu yalifika mwisho wa Safari, na mara zote mbili Nick Nowicki alishinda na 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, ilikuwa zamu ya mtu wa kwetu, Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell pembeni, mara mbili mfululizo, kwa 404 hiyo hiyo. Safari ya Pasaka, msimu wa masika, matope hadi milangoni, gari likipanda mlima kwa gia ya kwanza bila upepo wowote wa mbele. Mtu asiyeijua feni yake hafiki mbali kwenye barabara za namna hiyo.

Mafundi waliozilea Peugeot mjini hapa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini walifanya kazi wakati spea hazipatikani na petroli ya shida, hadi magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Hawakuwa na anasa ya kutupa kifaa ili waone kitatokea nini. Themostati walikuwa wanaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni na kuitazama ikifunguka. Ikifunguka inarudi kwenye gari, isipofunguka inatafutwa nyingine. Kisha uagizaji ukalegezwa, magari yaliyotumika ya Japani yakaingia kwa wingi, spea za Peugeot zikaanza kuadimika Gerezani, na 504 nyingi zikapandishwa juu ya matofali. Ujuzi wa kuzitengeneza ukapandishwa pamoja nazo. Pale VETA Chang'ombe, hatua chache kutoka gereji nyingi za Temeke, ningependa kuona sufuria hiyo imerudi mezani.

Kijana ametangaza kwamba ataliendesha gari hadi Bagamoyo. Asiende kwanza. Amwage maji ya kisima yote, asuuze mfumo kwa maji safi hadi yatoke meupe, atie kulanti. Atafute themostati nyingine, aipime kwenye sufuria, aifunge na gasketi mpya. Asafishe kaboni ya feni, abadilishe swichi, akaze waya. Kisha asubiri saa saba mchana, alisimamishe gari juani, afunge boneti na kuiacha injini ikinguruma bila kwenda popote, jicho kwenye sindano, sikio kwenye feni. Sindano ipande, ikaribie alama yake, feni inase, sindano irudi. Feni iachie, sindano ipande tena, feni inase mara ya pili. Hadi hapo, gari liko tayari kwa foleni ya Mtoni, na Bagamoyo ni mwendo tu.