"It" ikae wapi?

Shuleni tulisahihishwa tu: si "put away it", ni "put it away". Kwa nini? Hatukuambiwa, tukakariri. Sababu ipo, na wafasiri wengi wa hadithi wanaipita.

Kiingereza hupenda jambo jipya lije mwishoni. "She put the letter away" na "she put away the letter" zote ni sahihi, ila ya kwanza huelemea kitendo, ya pili huelemea barua. Sasa "it" haina jipya. Tunajua ni kitu gani. Ndiyo maana hubanwa katikati, bila mkazo.

Halafu mtu anatafsiri: "aliweka hiyo mbali". Jamani! Hapo barua imetupwa huko, na "hiyo" inapiga kelele ambayo "it" haikupiga. Kiswahili kina njia yake: "akaihifadhi". Ile "i" imejificha ndani ya kitenzi, kimya kama "it" yenyewe.

Na hata jina likitajwa, "akahifadhi barua" si "akaihifadhi barua". Ya kwanza yaweza kuwa barua yoyote. Ukiichagua vibaya, unatutambulisha upya kwa barua tuliyokwisha kuililia kurasa tatu nyuma.