Jino na kadi yake

Februari 2020, Pierre-Claver Ndayicariye, mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi, alitangaza kwamba mabaki ya watu 6,032 yamefukuliwa katika makaburi sita ya halaiki mkoani Karusi. Pamoja na mifupa zilitoka risasi kwa maelfu. Baadhi ya marehemu, alisema, walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari.

Hapa Bujumbura watu wengi walishika ile namba, 6,032, na wana haki, kwa sababu ni namba inayomnyima mtu usingizi. Mimi nilikwama kwenye vile vitu vitatu. Mtu ameuawa mwaka 1972, katika mauaji ambayo wazee wetu wanayaita Ikiza. Amekaa ardhini miaka 48, kisha anarudishiwa jina lake na jozi ya miwani. Kwa nini miwani? Kinywani mwake kulikuwa na hadi meno 32, na jino ndilo sehemu ya mwili inayochelewa kuoza kuliko zote.

Nianze na uzito wa rozari. Mama anayeishika na kusema "hii ni ya mume wangu, naijua kwa fundo hili" ametoa ushahidi ambao sitathubutu kuudharau. Lakini kwa kanuni za utambuzi wa miili, kitu alichovaa au alichobeba marehemu ni dalili tu. Koti huazimwa. Rozari za misheni zilitoka katika boksi moja. Miwani huanguka kutoka uso huu ikatua kwenye kifua cha mwingine miili inapotupwa shimoni. Polisi wa kimataifa, Interpol, katika mwongozo wao wa kutambua waliokufa kwenye maafa, wanakubali mambo matatu kuwa kila moja linaweza kusimama peke yake: alama za vidole, meno na vinasaba. Baada ya miaka 48 vidole havina ngozi. Vinasaba vinadai maabara, fedha, na ndugu wa damu aliye hai wa kulinganisha naye. Meno yanabaki palepale yalipo.

Yanabaki kwa sababu ya umbile lake. Ngozi ya nje ya jino, enameli, ni madini kwa takriban asilimia 96. Hakuna kitu kigumu kuliko hiyo katika mwili wa binadamu. Udongo wa milima yetu una asidi inayotafuna mfupa polepole, na jino hulihimili hilo kwa muda mrefu kuliko mbavu au vidole. Moto nao huunguza midomo na mashavu kwanza, huku magego yakiwa yamejificha nyuma, yamezungukwa na ulimi na misuli ya taya.

Katika shimo ambamo mifupa ya maelfu ya watu imechanganyika, swali la kwanza huwa: ni wangapi? Hapo jino ni karani mwaminifu. Madaktari wa meno katika nchi nyingi duniani hutumia namba mbili kwa kila jino. Ya kwanza inataja robo ya kinywa: 1 ni juu kulia kwa mwenye kinywa, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Namba ya pili inahesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Jino 36, kwa hiyo, ni gego la kwanza la chini kushoto. Hakuna binadamu wa kawaida mwenye mawili ya aina hiyo. Mtaalamu akikusanya meno mia tano ya namba 36 kutoka shimo moja, ana uhakika kwamba humo mlilala watu wasiopungua mia tano, hata kama mafuvu yamesagika. Kwa mahakama, namba inayoweza kuhesabiwa upya na mtu mwingine ina thamani kubwa kuliko kadirio la aliyesimama ukingoni.

Swali la pili ni umri, na hapa jino linazungumza kwa ufasaha. Gego la kwanza la kudumu huchomoza karibu na miaka sita, la pili karibu na kumi na mbili. Gego la mwisho, lile la utu uzima, huchomoza mtu akikaribia au kupita miaka kumi na minane, na ncha za mizizi yake huendelea kujifunga hadi miaka ya ishirini na kidogo. Picha ya eksirei ya taya huonyesha mizizi imefikia hatua gani. Sasa kumbuka mashahidi wanasema nini kuhusu 1972: kwamba walichukuliwa walimu, watumishi, wanafunzi wa sekondari, wanafunzi wa chuo kikuu hapa mjini. Ukikuta shimo ambalo taya nyingi zina gego la mwisho lisilofunga mizizi, umepata uthibitisho wa ushuhuda huo kutoka kwa shahidi asiyeweza kutishwa wala kununuliwa. Hujapata jina la hata mmoja, lakini umeonyesha ni kundi gani lililolengwa, na katika kesi za mauaji ya halaiki hilo ni jambo linalobishaniwa sana.

Kuna alama nyingine ambazo vitabu vya Ulaya huzipitia haraka, na sisi tunazijua tangu utotoni. Wamaasai kwa desturi hung'oa meno mawili ya mbele ya chini, na Wajaluo wa zamani waling'oa sita. Watu wa Arusha, Kilimanjaro na Nakuru wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya floridi katika maji waliyokunywa wakiwa watoto, na doa hilo hawalipati wakiwa wakubwa. Halafu kuna ukatili unaofanyiwa vichanga wenye homa au kuhara, kuwachokonoa ufizi na kutoa chonge changa kwa madai kwamba ni "meno ya plastiki", kama wanavyosema Tanzania. Uganda wanasema ebinyo. Mtoto akipona, chonge yake ya kudumu mara nyingi huota imeharibika au haioti kabisa. Naichukia desturi hiyo, lakini mchunguzi wa mabaki lazima aijue, la sivyo atadhani ameona ugonjwa au jeraha la kipigo. Hii ndiyo sababu kazi hii haifai kuachiwa wageni peke yao.

Yote hayo yanakupa hesabu, umri na asili. Jina ni habari nyingine. Jino halina jina mpaka likutane na karatasi.

Hilo lilionekana wazi Paris tarehe 4 Mei 1897, ukumbi wa soko la hisani, Bazar de la Charité, ulipoteketea na kuua watu 126, wengi wao wanawake wa tabaka la juu. Baadhi ya miili haikutambulika. Balozi mdogo wa Paraguay akapendekeza waitwe madaktari wa meno wa marehemu. Wakaja na daftari zao, wakafungua taya, wakalinganisha kila pengo na kila jino lililozibwa. Sophie wa Alençon, dada wa malkia wa Austria, alitambuliwa hivyo. Mwaka uliofuata Oscar Amoëdo, daktari wa meno mzaliwa wa Kuba, akachapisha kitabu kuhusu meno katika udaktari wa kisheria, na fani ikapata msingi. Wengi huona hapo ushindi wa sayansi. Mimi naona pia ushindi wa wenye nacho: kilichowarudisha wale mabibi kwa jamaa zao ni kwamba walikuwa na madaktari wao na faili zao. Thailand baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004 ilikuwa hivyohivyo. Katika miezi ya kwanza watalii walitambuliwa kwa meno kwa wingi kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu kliniki za makwao zilituma picha na kadi. Wenyeji wengi hawakuwa na kadi hizo. Walitambuliwa kwa alama za vidole zilizohifadhiwa pamoja na vitambulisho vyao vya taifa.

Mkulima wa Karusi wa 1972 hakuwa na kadi ya meno. Ndiyo maana ikabidi iwe rozari.

Jino mashuhuri kuliko yote katika eneo letu la Maziwa Makuu linafundisha somo hilo kwa uchungu zaidi. Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa Kongo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, alisimamia kuwakatakata na kuwayeyusha kwa tindikali, akabaki na meno kama mtu anayebaki na kumbukumbu ya safari. Mwaka 2016 binti yake alionyesha jino moja lenye kofia ya dhahabu kwa waandishi wa jarida. Mwanazuoni Ludo De Witte akafungua malalamiko, na vyombo vya sheria vya Ubelgiji vikalichukua. Juni 2020 Juliana Lumumba alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akidai mabaki ya baba yake. Septemba mwaka huohuo jaji akaamuru lirudishwe, na tarehe 20 Juni 2022 familia ikakabidhiwa mjini Brussels. Siku kumi baadaye lilizikwa Kinshasa.

Vinasaba havikupimwa. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilieleza kwamba kipimo kingeliharibu jino, na kwa hiyo uhakika wa asilimia mia haupo. Sababu yake ni ya kiufundi. Seli za mwenye jino zimekaa ndani, katika moyo wa jino na katika sehemu iliyo chini ya enameli, na ili kuzifikia maabara hulikata au kulisaga unga. Ukiwa na meno ishirini, unatoa moja. Ukiwa na moja tu, na hilo ndilo mwili wote wa baba uliobaki duniani, unachagua kati ya kujua na kuzika. Mtoto anayechagua kuzika namwelewa kabisa. Kilichobaki ni mazingira: jino lilitoka katika nyumba ya mtu aliyekiri mwenyewe alichofanya.

Lakini tazama ile dhahabu. Kofia ya jino hutengenezwa kwa mkono, kwa kinywa kimoja, na hubeba mtindo wa aliyeitengeneza kama mshono unavyombeba fundi. Kama kungekuwepo kadi ya daktari aliyeivika, yenye namba ya jino na tarehe, au picha moja ya eksirei, ulinganisho ungefanyika mezani bila kuligusa jino kwa msumeno. Waziri mkuu wa nchi kubwa kama Kongo alirudi kwao kwa kukiri kwa mtu aliyeukatakata mwili wake, na kadi ya kulithibitisha jino haikuwepo.

Na mahali pasipochunguzwa meno, sheria hubaki imeshika hewa. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, zaidi ya watu 300 waliteketea ndani ya kanisa la kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Siku chache baadaye tingatinga liliwafukia pamoja. Kisha serikali ikatoa hati za kuwakamata viongozi wa kundi. Walikuwa wamekimbia, au walikuwa majivu chini ya udongo uleule? Taya zilizopangwa na kupigwa picha siku ile zingeweza angalau kupunguza shaka. Kwetu nako, gereza la Gitega liliungua alfajiri ya 7 Desemba 2021. Lilijengwa kwa wafungwa 400 na lilikuwa na zaidi ya 1,500, na serikali ilitaja vifo 38. Gerezani kila mtu anaingia kwa jina na namba. Dakika kumi za kukagua kinywa siku ya kuingia zingetosha kumtenganisha aliyeungua na mwenzake.

Tahadhari moja, ili msomaji asibebwe na sifa. Kutambua maiti kwa meno ni jambo moja. Kumtia mtu hatiani kwa alama ya kung'ata kwenye ngozi ni jambo lingine kabisa, na halina msingi. Ngozi huvutika, huvimba, hubadilika rangi. Arizona, Marekani, Ray Krone alihukumiwa kifo mwaka 1992 kwa sababu mtaalamu alidai meno yake yanalingana na alama kwenye mwili wa marehemu. Vinasaba vilimtoa mwaka 2002. Wakili wa Bujumbura akiletewa ushahidi wa aina hiyo, aupinge.

Miaka michache iliyopita niling'olewa gego katika kliniki moja mjini hapa. Kwenye daftari langu waliandika neno moja: kung'oa. Hawakuandika namba wala upande, na picha ya eksirei nilioneshwa kwenye kioo kisha ikabaki kwao. Nikifa kesho kwenye ajali ya basi la Gitega, daftari hilo halitamsaidia mke wangu. Tangu hapo nimeuliza jamaa kadhaa wa mitaa ya Buyenzi na Bwiza, na daftari zao ni hivyohivyo.

Madaktari wa meno wa Bujumbura, mchoro wa meno 32 unachapwa kwa karatasi moja. Ujazeni wote siku ya kwanza mgonjwa anapokaa kwenye kiti, pamoja na meno mazima, kwa namba mbili zilezile zinazosomwa Nairobi na Brussels, na msitupe faili mgonjwa anapohama. Nawe msomaji, usiinuke kwenye kiti kabla hawajaandika namba ya jino lililozibwa au kung'olewa. Omba nakala ya picha. Iweke pamoja na cheti cha ubatizo au cha ndoa, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani ilipo.