Plastiki Kaidi Iliyofungua Mshipa wa Moyo

Puto la mpira likijazwa huvimba kule kusiko na upinzani. Ndani ya mshipa wa moyo ulioziba kwa mafuta na chokaa, tabia hiyo ni hatari: puto hufura mbele na nyuma ya kizuizi, kizuizi chenyewe kikabaki vilevile, na ukuta mzima wa mshipa ukaweza kupasuka. Andreas Grüntzig, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zürich, Uswisi, aliona kwamba tatizo la kwanza lilikuwa la malighafi.

Heinrich Hopff, profesa mstaafu wa kemia, alimwelekeza kwenye PVC, plastiki ya jamii ileile ya mabomba ya maji. Jikoni kwake, akisaidiwa na Maria Schlumpf, Grüntzig alikata vipande vya mrija wa PVC, akavipasha moto na kuvishindilia hewa mpaka vikashika umbo la puto. Puto hilo lilifikia kipenyo lilichopangiwa, likagoma hapo. Shinikizo lililoongezwa halikuwa na pa kwenda ila kukisukuma kizuizi. Kwangu, ukaidi huo wa plastiki ndio uvumbuzi wenyewe. Tarehe 16 Septemba 1977 Grüntzig alilitumia puto hilo kutanua mshipa wa moyo wa mgonjwa wa miaka 38, aliyekuwa macho; miaka 10 baadaye mshipa huo ulikuwa bado wazi.

Katheta yake, yaani mrija mwembamba uliobeba puto hilo, ilikuwa na njia mbili: moja ya kujazia puto majimaji yenye dawa inayoonekana kwenye eksirei, nyingine ya kupimia shinikizo la damu ng'ambo ya kizuizi. Shinikizo likipanda huko, daktari alijua papo hapo kwamba njia imefunguka.

Maputo ya leo ni ya nailoni na plastiki nyingine nyembamba zaidi. Lakini kazi ngumu kuliko zote imo kwenye mrija unaoyaongoza. Lazima utii mzunguko wa mkono wa daktari toka nje hadi moyoni, tena usikwaruze mshipa. Kwa hiyo ndani hupakwa Tefloni ili vifaa viteleze. Katikati hupitishwa nyuzi za chuma cha pua, zimesukwa kama ukili. Nje huja plastiki ngumu inayolainika kuelekea nchani. Mrija wa kipenyo cha milimita 2 hubeba matabaka hayo matatu katika ukuta wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Wembamba huo ndio umewezesha madaktari kuingilia kifundo cha mkono badala ya kinena, na mgonjwa kuinuka kitandani mapema zaidi.