Sentimita Mbili za Mwisho: Namna ya Kuitambua Kazi Nzuri ya Klachi

Wenye magari wengi huipima kazi ya klachi kwa spea: ni orijino au feki, imetoka Gerezani au Mwanjelwa, imegharimu shilingi ngapi. Maswali hayo yana maana, lakini hayatoshi. Pleti nzuri iliyofungwa hovyo haimalizi masika, na pleti ya kawaida iliyofungwa na fundi makini hukaa miaka. Kazi ya klachi huamuliwa gia boksi inaporudishwa mahali pake, hasa katika zile sentimita mbili za mwisho kabla haijakutana na injini. Ukitaka kumjua fundi wako, mwangalie hapo.

Saza, wilayani Songwe, ni mahali panapoifundisha hukumu hiyo vizuri, kwa sababu mazingira yake hayamfichii fundi kosa. Hapa ni ndani ya eneo la dhahabu la Lupa, lililoanza kuchimbwa miaka ya 1920. Land Cruiser, Hilux, Canter na Fuso ndizo zinazobeba mawe kutoka mashimoni hadi kwenye makarasha, na zikirudi zinapakia maji, dizeli na magogo. Gari linaondoka limejaa, kwenye mchanga au mwinamo wenye makorongo, na dereva ameishikilia klachi nusu. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Kosa ambalo mjini lingejificha mwaka mzima, huku linajitokeza baada ya siku chache.

Kabla gia boksi haijapanda

Ukifika gereji ukakuta gia boksi iko chini, usianze kwa kuuliza kazi itaisha lini. Mwambie fundi: "Naomba nione flaiwili." Uso wake unatakiwa uwe mkavu, laini na wa rangi moja. Madoa ya buluu na nyufa nyembamba ni alama za joto kali, na flaiwili ya namna hiyo ipelekwe kwanza kwa mtu mwenye mashine ya kuchongea vyuma. Ukifunga pleti mpya juu ya uso ulioungua, gari litatetemeka kila linapoondoka.

Kisha tazama sili ya nyuma ya injini na ile ya mbele ya gia boksi. Pitisha kidole chini yake. Kikitoka na oili, sili ibadilishwe leo. Sili yenyewe ni rahisi, ila kuishusha gia boksi mara ya pili kwa ajili yake ni gharama ileile uliyokwisha kulipa.

Sasa mwangalie anavyoishika pleti. Fundi mzuri hakubali kuifunga kabla ya kuijaribu kwenye shafti ya gia boksi. Anaivika kwenye meno ya shafti na kuitelezesha mbele na nyuma kwa vidole. Ikikwama, meno ni machafu au spea siyo yake. Ikichezacheza sana, meno yamelika. Baada ya hapo anapaka grisi kidogo sana kwenye meno na kuifuta inayobaki. Grisi nyingi si ukarimu, kwa kuwa injini ikizunguka itarushwa hadi kwenye pleti na klachi itaanza kuteleza.

Beringi ya rilizi nayo ina siri yake. Grisi yake hufungiwa ndani kiwandani, kwa hiyo ukimwona mtu anaiosha kwa petroli, jua anaitoa roho kabla haijaanza kazi. Beringi nzuri ukiizungusha kwa mkono inakwenda kimya, bila kukwaruza.

Halafu kuna kusenta. Pleti hukaa katikati ya flaiwili na presha pleti, na lazima iwe katikati kabisa, kwa sababu shafti ya gia boksi itapita ndani yake na kuishia kwenye beringi ndogo iliyo nyuma ya krankishafti. Fundi wa kuaminika hutumia shafti chakavu ya gia boksi ya aina ileile, au kifaa cha kusentia kilichokuja na spea. Anayesenta kwa jicho anabahatisha. Pleti pia ina upande wake: mara nyingi ule uliotokeza, wenye springi, hutazama gia boksi. Bolti za presha pleti, ambazo kwenye Toyota nyingi ni za spana namba 12, zikazwe kwa kuvuka, moja na ile inayotazamana nayo, kidogo kidogo hadi zote zifike. Akikaza moja hadi mwisho ndipo aende ya pili, presha pleti inapinda.

Sentimita mbili za mwisho

Hapa ndipo penye ubingwa. Gia boksi ya Land Cruiser ikiwa na transfa yake si mzigo wa kuinuliwa kwa kifua cha kijana aliyelala chini ya gari, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Iinuliwe kwa jeki pana au kwa cheni, taratibu, hadi ilale sawasawa na injini. Kama injini imeinama kidogo kwa nyuma, gia boksi nayo iiname vivyo hivyo.

Fundi anaingiza gia, na msaidizi anazungusha flenji ya propela polepole huko nyuma. Meno ya shafti yanatafuta meno ya pleti. Yakipatana, gia boksi yenyewe inasogea mbele, kisha inasimama ikiwa imebakiza upenyo mwembamba. Mtazame fundi sasa. Anachukua tochi na kuukagua upenyo huo juu, chini, kushoto na kulia. Kama chini ni mwembamba na juu ni mpana, anashusha au kupandisha jeki kidogo tu. Anatikisa, anasukuma kwa mkono, na gia boksi inaingia kwenye pini zake mbili za kuelekeza hadi chuma kinagusa chuma kuzunguka kote. Ndipo anapoomba bolti.

Fundi mbovu huziomba bolti mapema. Anauona upenyo wa kidole, anachukua spana namba 17 na kuanza kuivuta gia boksi kwa nguvu za bolti. Bolti haijui kwa nini gia boksi imekataa. Huenda pleti haikusentwa, waya umebanwa katikati, au pini moja haipo. Itavuta tu, hadi sikio la aluminiamu lipasuke au kitovu cha pleti kipinde. Gari kama hilo litawaka, na hata litatembea, lakini klachi haitaachia vizuri na gia zitakuwa zinakwaruza.

Kosa jingine la kimyakimya ni kuiacha gia boksi ikining'inia kwenye shafti wakati fundi amekwenda kutafuta jeki nyingine. Dakika chache za uzito huo zinatosha kuipinda pleti mpya.

Baada ya kufunga

Angalia kama mauntingi zimekazwa, waya wa ethi umerudi, na propela imefungwa kwa alama ileile iliyowekwa wakati wa kuifungua. Oili ya gia boksi iwe ya aina inayotajwa na kitabu cha gari, ijazwe gari likiwa mahali tambarare hadi mdomo wa tundu la kujazia. Mfumo wa klachi utolewe upepo kwa fluidi ya breki, kamwe si kwa oili ya injini, ambayo huvimbisha raba. Pedali iwe na nafasi ndogo ya kucheza kabla haijaanza kuwa nzito; kwa Toyota nyingi ni kati ya milimita 5 na 15.

Jaribu kabla ya kulipa

Washa injini, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi nne, kisha ingiza rivasi. Gia boksi nyingi hazina sinkronaiza ya rivasi, kwa hiyo ikikwaruza, pleti bado inaburutwa. Kisha weka nyutro na usikilize. Mlio unaotokea ukikanyaga unaelekeza kwenye beringi ya rilizi. Unaosikika ukiachia na kupotea ukikanyaga unatoka kwenye beringi ya mbele ya gia boksi. Mwisho panda mlima kwa gia kubwa: injini ikipaza sauti na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Gari likishapita hapo, liendeshe kwa upole kilomita 500 za mwanzo, bila mzigo wa mawe.

Kazi hii ikifanywa vizuri huchukua muda, na anayemkimbiza fundi anainunua spana namba 17 iliyotumika vibaya. Ukimpata anayeishusha gia boksi tena kwa hiari yake kwa kuwa haikukaa sawa, mlipe bei yake bila kubishana, na usimwache.