Nani Anayevumilia? Uhakiki wa Mkakati wa Kubomoa Timu katika Out of the Park Baseball

Out of the Park Baseball ni mchezo wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1999 na Mjerumani Markus Heinsohn. Anayeucheza hapigi mpira wala harushi. Yeye ni meneja: husajili, huuza, hupanga mishahara, kisha kompyuta huchezesha mechi. Uhakiki huu unahusu mkakati mmoja tu, yaani kuibomoa timu ili kuijenga upya.

Mkakati huu umetokana na besiboli ya Marekani, ambako kwa miaka mingi timu iliyoshika mkia ndiyo iliyotangulia kuchagua wachezaji chipukizi. Basi meneja huuza nyota wake, hukubali kushindwa misimu kadhaa, na hukusanya vipaji. Houston Astros walipita njia hiyo. Walipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, halafu wakatwaa ubingwa mwaka 2017.

Anayeutetea mkakati huu atasema mvumilivu hula mbivu. Lakini ni nani anayevumilia? Huko Houston walivumilia mashabiki walionunua tiketi kutazama timu yao ikifungwa. Anayecheza peke yake havumilii chochote: hubonyeza kitufe, na msimu wa mechi 162 humalizika kabla chai haijapoa. Ni kweli kwamba mchezo una mmiliki anayeweza kumfukuza meneja, na una mashabiki wanaopungua uwanjani. Hata hivyo, hao ni tarakimu tu. Muda, ambao ndio gharama kuu ya mkakati huu, umefanywa wa bure.

Ligi za mtandaoni huirudisha gharama hiyo. Humo timu huongozwa na watu halisi, na msimamizi huchezesha siku chache za mechi kwa kila awamu. Anayeshindwa kwa makusudi hukaa na uamuzi wake kwa muda mrefu, na wenzake pia huulipia. Timu za kundi lake, zinazokutana naye mara nyingi zaidi, hujipatia ushindi wa chee. Timu za makundi mengine zinazowania nafasi hizo hizo hazipati. Ushindani unapotea bila sheria yoyote kuvunjwa.

Wamarekani wenyewe waliiona kasoro hiyo. Makubaliano ya mwaka 2022 kati ya ligi na wachezaji yalileta bahati nasibu kwa nafasi sita za kwanza za uchaguzi, hivyo kushika mkia hakumhakikishii mtu tena nafasi ya kwanza.

Kwa maoni yangu, mtandaoni ni afadhali kuuza mchezaji mmoja mmoja anayekaribia kushuka kiwango, huku timu ikiendelea kupigania kila mechi. Njia hii ni ndefu, lakini inawaachia wengine ligi yenye maana. Udhaifu wa mchezo huu hautokani na kuruhusu kubomoa. Unatokana na kumzoesha anayecheza peke yake kuamini kwamba hakuna anayelipa.