Franco: Tulicheza, Hatukusikiliza

Siku tulipokaa kuchagua nyimbo za kupiga ku sikukuu ya shirika letu, vijana waliandika Franco Luambo wa kwanza. Mzee mmoja akaomba karatasi, akafuta lile jina na biki yake, akaturudishia. "Ule aliimbia Mobutu. Sisi tulikuwa mu pori." Mama mmoja akamujibu palepale: "Baba, ku ndoa ya mutoto wako ulicheza paka Mario mpaka kiatu kikapasuka. Leo njo unakumbuka Mobutu?" Watu wakacheka, lakini kesi haikuisha. Kwa sababu hiyo tunaiandika hapa.

Aliyesema "mu pori" hakusema mfano. Machi 1977 askari wa FNLC, wengi wao watoto wa Katanga waliokuwa wakiishi Angola, walivuka mpaka wakashika Dilolo, Kasaji, kisha Mutshatsha. Jeshi la Mobutu liliporudi, likisaidiwa na Wamaroko, waliolipa deni ni raia. Wengi wa pande zetu walikimbilia Angola. Mei 1978 ikawa zamu ya Kolwezi. Askari wale waliamuru kwa Lingala, na Lingala ile ile Franco aliiimba. Kwa mtu wa Kasaji aliyeona miaka ile, wimbo na amri viliingia mu masikio kwa mlango mmoja. Kijana anayemwona mzee kuwa mtu wa chuki tu, aanze kwanza hapo.

Franco alizaliwa Sona Bata 1938. Alikuwa kati ya waliounda OK Jazz mu Kinshasa 1956, wakati mji ule ungali unaitwa Léopoldville, na alikufa Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Serikali ilitangaza siku 4 za maombolezo. Sasa lile linalotugawa: 1984, wakati Mobutu alipojiletea uchaguzi wenye mgombea mmoja tu, yeye mwenyewe, Franco alitoa "Candidat na biso Mobutu". Wanaomtetea wanasema alilazimishwa. Jibu hilo halitutoshi. Mtu aliyelazimishwa tungemsikia mkono mzito, na gitaa la wimbo ule halilegei hata kidogo. Tena alikuwa amekula mu sahani ile kwa muda mrefu: miaka ya 1970, wakati mali ya wageni ilipogawanywa, kiwanda cha kutengeneza diske, Mazadis, kiliwekwa mu mikono yake. Tuseme wazi, alikuwa mtu wa mule mule ndani.

Lakini wanaosema alikuwa mtu wa Mobutu, basi yamekwisha, wanasahau 1966. Mwezi wa sita mwaka ule Mobutu aliwanyonga wanne hadharani mu Kinshasa, na mmoja wao ni Évariste Kimba, mtoto wa Katanga, aliyekuwa waziri mkuu. Franco akatoa "Luvumbu Ndoki", wimbo wa Kikongo juu ya mkubwa mchawi anayekula watu wake mwenyewe. Watu walielewa ni nani anayesemwa, na serikali ilielewa vilevile. Diske zikakamatwa, Franco akavuka mto kwenda kukaa Brazzaville. Kwa hiyo mwanamuziki wa Kinshasa aliimba juu ya kifo cha mtu wetu, na sisi huku tulikuwa hatuna habari. Tulipouleta wimbo huu mu mazungumzo, hata mmoja kati yetu hakuwa ameusikia mpaka mwisho.

1978 alifungwa juu ya "Hélène" na "Jackie". Kuna wanaotaka kufanya kifungo kile kuwa alama ya ushujaa. Hapana. Zile nyimbo ni matusi, na matusi hayawi ukweli kwa sababu tu serikali mbaya imeyakataza.

Tukae zaidi pa "Mario", ya 1985, maana ndiyo inayochezwa huku ku kila ndoa na kila kilio. Ni wimbo mrefu, na sehemu kubwa Franco haimbi, anasema tu, sawa mtu aliyekaa mu kiti mbele ya jirani na kuanza kulalamika. Mwanamke mwenye mali amechoka na kijana anayeishi kwake. Kijana ana diploma nyingi, kazi hataki, anakula, anavaa, tena anamtesa anayemlisha. Arudi kwa wazazi wake. Ni hayo tu. Lakini yule mama anavyorudia neno lilelile, anavyoondoka mu hasira na kurudi mu hasira, kila mtu anamjua. Hata mu Kolwezi kijana wa namna ile anaitwa Mario na watu wasiojua neno moja la Lingala. Hapo njo kipaji cha Franco: anajua kukopa mdomo wa mtu mwingine.

Mama aliyetuchekesha aliongeza neno ambalo wanaume hatukulitegemea. "Anakopa mudomo ya mwanamuke, lakini ule mwanamuke anafanya paka kulalamika. Siku moja ata hapana kumupa aseme ingine." Tulitafuta nyimbo za kumjibu, na tulizozipata hazikutosha.

Na ukishajua kipaji hicho, unaelewa pia kilichoharibika 1984. Mu "Mario" kuna ugomvi, kuna upande wa pili unaosikika hata usiposema. Mu wimbo wa uchaguzi, mtu wa kubishana hayuko, sawa vile mu sanduku la kura hakuwako. Mdomo aliokopa mara ile ulikuwa wa chama. Sisi tunaona wimbo ule ni mbaya si kwa siasa tu, ni mbaya kwa ufundi wa Franco mwenyewe.

Wengine walisema tumwache kabisa, tupige Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Katanga aliyeimba Kiswahili chetu na aliyerekodiwa mu Likasi na Hugh Tracey mu 1952. Bosco atapigwa, hilo halina kesi. Lakini tusimfanye ufagio wa kumfukuza mwingine. Yeye naye, alipokuwa Nairobi, aliimbia matangazo ya Aspro. Dawa ya kichwa si Mobutu, tunajua. Tunasema tu kwamba gitaa huku kwetu halikulia bure hata siku moja.

Ku mkutano wa pili tulipanga hivi: "Mario" ipigwe, lakini kwanza maneno yake yasomwe kwa Kiswahili. Mzee akainua mkono. "Basi musome na ile ya 1984. Batoto basikie." Vijana wakauliza nani ataitafsiri, maana Lingala yao ni ya kuchezea tu. Tukatazamana. Kati yetu anayeijua kweli ni yeye peke yake. Aliijifunza 1977, akibeba mizigo ya askari. Ametuomba diske na juma mbili.